Kutoa giaboksi ya Land Rover Series III nyumbani na kuweka klachi ya kazi nzito

Mleta uzi (Bububu, Unguja)

Assalaam alaykum wadau wa magari ya zamani, wa Unguja, wa Pemba na mlio bara.

Maswali ya klachi yanarudi kila mara, na jibu linalotolewa ni lile lile: peleka gereji. Mafundi nawaheshimu, lakini Land Rover hizi za Series ziliundwa zifunguliwe na mwenyewe, shambani, kwa spana za kawaida. Mimi nina 88 fupi (inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya 1976, petroli ya lita 2.25, na kazi hii nimeifanya uwani kwangu. Naeleza yote kwa urefu kwa sababu naona gari nzuri zinakufa kwa kuogopwa tu. Series III zilitoka kiwandani kati ya 1971 na 1985, hazitatengenezwa nyingine, na kila inayouzwa kwa kilo ndiyo imekwenda.

Jambo moja mliweke kichwani tangu mwanzo: klachi yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kazi ni kuifikia. Kwa hiyo ukishafika ndani, usitoke bila kubadili kila kidogo kilichomo humo, hata kama bado kinaonekana kizima.

Kwanza ujue unaumwa nini

Klachi ina maradhi mawili na hayafanani. La kwanza ni kuteleza: unapanda mlima au unavuta mzigo, injini inalia, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inaingia ndani. La pili ni kutoachia: gia haziingii, rivasi inasaga, lakini ukipampu pedali mara mbili tatu zinaingia vizuri.

Hilo la pili mara nyingi halina haja ya kutoa giaboksi. Angalia masta silinda, silinda ya chini (sleva) na mpira wa mafuta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na visiwani kwetu unyevu ni wa mwaka mzima, kwa hiyo silinda huliwa na kutu kwa ndani na vimpira vinaanza kuvujisha. Inua buti la mpira la sleva. Ukikuta majimaji, umempata mwizi. Ingia ndani pia upapase juu ya pedali, pale fimbo inapoingia kwenye masta. Kama pameloa, maliza hapo kwanza ndipo ufikirie mengine.

Kama ni kuteleza kweli, uliza sababu kabla ya kununua kitu. Chini kabisa ya nyumba ya flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini ambalo klachi hulishika) kuna tundu la kuchuruzisha, lenye kizibo kinachotakiwa kufungwa unapovuka maji tu. Wengi hukisahau humo miaka. Kitoe, weka kopo, uone kinachotoka. Mafuta meusi na mepesi ni ya injini, yaani sili (pete ya kuzuia mafuta) ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini, imekufa. Mafuta mazito yenye harufu kali kama kiberiti ni ya giaboksi. Ukiweka klachi mpya bila kuziba yanapotoka, mafuta yataifuata hiyo mpya na utateleza tena.

Kwa nini ya kazi nzito

Gari yangu kazi yake kubwa ni kuvuta mashua kutoka majini na kubeba mawe. Mchanga wa pwani hula klachi kuliko kilima chochote, kwa sababu gari inaondoka taratibu na mzigo haukubali kusogea, na muda wote huo pleti (sahani ya msuguano ya klachi) inasuguana.

Klachi ya Series III ni ya inchi 9.5, yenye springi moja ya diaframu. Nguvu ya klachi kushika inatokana na vitu vitatu: ukali wa msuguano wa pleti, nguvu ya springi inayoibana, na upana wake kutoka katikati. Upana hatuwezi kuuongeza bila kubadili flaiwili. Tunachokipata kwenye seti ya kazi nzito ni presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti kwenye flaiwili) ya kipimo kile kile cha 9.5, ila diaframu yake ni ngumu zaidi. Gharama yake ni mguu: pedali inakuwa nzito, na masta, sleva na mpira vinabeba shinikizo kubwa zaidi. Kama hivyo ni vya zamani, vibadilishe pamoja, la sivyo vitapasuka mwezi wa kwanza.

Hata hivyo, presha pleti ngumu haimwokoi anayevuta mashua kwa gia kubwa. Ile fimbo yenye kitufe chekundu mliyoiacha ikashika kutu ndiyo inayoingiza gia za chini za transfa (boksi la pili nyuma ya giaboksi, linalopeleka nguvu mbele na nyuma), na uwiano wake ni karibu mara mbili ya zile za juu. Itumieni. Klachi nyingi zilizoungua huku pwani zingekuwa hai hadi leo.

Spana na kamba

Gari hii ni ya inchi, na spana za milimita zitakuharibia. Nati za propela (shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli) ni za 9/16, na utakutana sana na 1/2 na 7/16. Spana ya 14 haiingii kwenye 9/16, ya 15 inacheza na kula kona za nati. Tafuta seti ya inchi hata ya kuazima.

Kuinua: giaboksi na transfa yake zikiwa pamoja zina uzito unaopita kilo mia. Mimi nilitumia chenibloku juu ya miguu mitatu ya mabomba ya chuma. Wapo wanaotumia makapi na kamba za jahazi, na wanaojua kufunga kamba wanafanya vizuri kabisa. Tawi la mwembe sikushauri. Mwembe hukatika bila kutoa taarifa. Na boriti za paa la nyumba ya zamani msizitundikie chochote, mchwa hula kwa ndani na nje huoni kitu.

Kufungua

Jueni mapema kwamba giaboksi hii haishuki chini kama ya Corolla. Kwenye 88 yangu kuna krosimemba (boriti ya chuma ya kuvukia chasi) iliyochomelewa chini yake, kwa hiyo inatoka kwa juu, kupitia ndani. Maana yake viti, sakafu, kifuniko cha katikati na boksi zima la viti lazima viondoke.

Na hapa ndipo visiwa vinapotofautiana na vitabu. Bodi ni aluminiamu, bolti ni chuma, na kati yake pana hewa ya chumvi. Vyuma viwili tofauti vikikutana na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na inageuka unga mweupe unaokaba bolti kama saruji. Wiki nzima kabla ya kazi, kila jioni pita ukipaka mafuta ya kulainisha kutu. Ikikataa, usilazimishe hadi uchane bodi: toboa kichwa cha bolti kwa drili, inua boksi, kisha shughulika na kilichobaki. Siku ya kurudisha, weka bolti mpya na grisi ya kutosha, na wasa za plastiki pale zinapoweza kukaa.

Toa waya wa betri. Mwaga mafuta: giaboksi ina lita 1.5 hivi, transfa 2.5. Kabla hujagusa propela, weka kabari magurudumu yote manne. Hili nalikazia kwa sababu ni la roho. Hendibreki ya Series haiko kwenye magurudumu, ipo kwenye ngoma nyuma ya transfa na inashika propela ya nyuma. Ukishafungua propela, hendibreki haishiki kitu tena hata ukiivuta hadi mwisho, na gari itatembea na wewe uko chini yake.

Weka alama ya rangi kwenye flenji ili propela zirudi zilivyokuwa. Fungua zote mbili, waya wa spidi, viungo vya hendibreki, nyaya za umeme, na fimbo za gia pamoja na makazi yake. Sleva ifungue bolti zake tu uifunge pembeni kwa waya, bila kugusa bomba, kama haina tatizo.

Injini ya gari hii imekaa juu ya maunti mbili za mbele, na nyuma inabebwa na giaboksi. Ukiondoa giaboksi, injini inainama. Weka jeki na kipande kinene cha ubao chini ya nyumba ya flaiwili, ibebe tu, usiinue. Kisha fungua maunti za giaboksi, halafu nati zinazozunguka shingo yake. Ivute nyuma ikiwa imenyooka sawasawa na injini. Usiiache hata dakika moja ining'inie kwa shafti yake ndani ya pleti. Ikishaachia, inua, zungusha, itoe mlangoni.

Ndani

Msipulize vumbi kwa kompresa. Pleti za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitie kwenye mfuko, funga, tupa mbali na watoto.

Kagua flaiwili. Madoa ya buluu ni alama ya joto, na mikwaruzo unaisikia kwa ukucha. Kama imechimbika, ipelekwe kwa mkerezaji aiguse kidogo tu isawazike. Nyufa hazikerezwi, tafuta nyingine.

Kisha kile kibushi cha shaba nyeusi kwenye tundu la mwisho wa kranki. Ndicho kinachoshika ncha ya shafti ya giaboksi, na kikilika, klachi mpya itatetemeka na haitaachia vizuri. Watu hukiruka kwa sababu hakitoki kwa bisibisi. Kijaze grisi pomoni, tafuta chuma cha duara kinachoingia humo bila kucheza, kigonge kwa nyundo. Grisi haina pa kwenda, itakisukuma kibushi kutoka nyuma. Kipya kilaze usiku kucha ndani ya mafuta ya injini kabla ya kukitia.

Badilisha rilizi bearing (inayosukuma diaframu ili klachi iachie), sili ya shafti ya giaboksi, na kama kopo lilikuonyesha mafuta ya injini, sili ya kranki pia. Angalia uma wa rilizi kama haujaliwa pale unapogusa.

Pleti ina upande. Kitovu chake chenye springi kilichotokeza kinaelekea giaboksi, na zilizo nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili. Kuiweka katikati unahitaji shafti ya kuigiza. Kama huna, nenda kwa seremala mwenye mashine ya kukereza, mpe kipimo cha tundu la bushi na cha tundu la pleti, akutolee kijiti cha mti mgumu chenye ngazi mbili. Huku kwetu hilo ni jambo dogo kwake. Kaza bolti za presha pleti kwa kuvukana, kila moja robo kwa robo, usimalize moja kabla ya nyingine, maana diaframu ikiminywa upande mmoja inapinda.

Meno ya shafti yapake grisi nyembamba sana. Ikizidi itarushwa kwenye pleti.

Kurudisha

Ingiza gia ya nne, transfa iwe juu, kisha mmoja asukume giaboksi taratibu na mwingine azungushe flenji ya nyuma kwa mkono hadi meno yakubali. Ikibakia nafasi ya kidole na haiingii, usiivute kwa kukaza nati. Kuna kitu hakijanyooka. Rudi nyuma, rekebisha kimo cha injini kwa jeki, jaribu tena. Wanaovuta kwa nati huvunja shingo ya giaboksi au huipinda pleti, na shingo hizo hapa Zanzibar hazipatikani dukani.

Mafuta ya giaboksi na ya transfa ni EP90. Jaza hadi yachuruzike kwenye tundu la kupimia, gari ikiwa imesimama sawa.

Karibuni kwa maswali.

---

Mchangiaji (Chake Chake)

Shekhe, Allah akulipe kheri. Mimi ninayo Series IIA ya zamani, tunabebea karafuu kutoka shamba hadi kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Milima ya huku unaijua, kijilima kinashuka kinapanda hadi unafika. Klachi yake ni ile ya inchi 9 yenye springi nyingi ndogo. Naweza kutia hii ya 9.5?

Mleta uzi

Aamin, nawe pia. Inawezekana na faida yake ni kubwa, lakini usinunue presha pleti kabla hujaiona flaiwili. Matundu ya bolti ya inchi 9 hayalingani na ya 9.5. Zipo flaiwili zilizotobolewa kwa zote mbili, zipo za moja tu. Kama ni ya moja, tafuta flaiwili ya Series III au mpe mkerezaji mwenye mashine ya kugawa duara sawasawa. Kutoboa kwa kukisia ni hatari, kitu kizito kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika hakitaki makisio.

Faida yake si upana peke yake. Springi za koili hupoteza nguvu kadiri pleti inavyolika, kwa sababu zinazidi kutanuka. Diaframu haina tabia hiyo, inaendelea kubana vizuri pleti ikikaribia kwisha. Na pedali yake ya kawaida ni laini kuliko ya springi nyingi. Kwako wewe mwenye milima na magunia, ile ya kawaida ya 9.5 ingekutosha bila kwenda kwenye kazi nzito. Utaratibu wa rilizi wa IIA ni tofauti na wa Series III, kwa hiyo ukifungua linganisha kifaa na kifaa mezani kabla ya kurudisha.

Mchangiaji (Mwanakwerekwe)

Mimi ni fundi. Uzi mzuri, lakini nakupinga kwenye njia. Kutoa injini ni rahisi zaidi. Unatoa rejeta na paneli ya mbele, unainua injini kwa mbele, klachi hiyo hapo. Boksi la viti huligusi kabisa, na unajua wenyewe zile bolti zilivyo.

Mleta uzi

Fundi, kwa gereji yenye winchi ya magurudumu nakubali kabisa, na kama sili ya kranki ndiyo inayovuja, basi injini ikiwa nje unafanya kazi ukiwa umesimama. Mtu wa nyumbani hana winchi hiyo, na kutoa injini kunamfungulia mabomba ya maji, mafuta, ekzosi, kabureta na nyaya zote. Kwenye giaboksi anashughulika na vyuma tu. Ila ushauri wako nauweka: kama bolti za sakafu zimeoza kabisa na una cha kuinulia, pitia mbele.

Mchangiaji (Fuoni)

Nyongeza ndogo. Si lazima giaboksi itoke nje ya gari. Sisi tukishaondoa boksi la viti tunaivuta nyuma tu kiasi cha kupata nafasi ya mikono, tunaitundika hapo hapo kwenye cheni, tunabadilisha klachi. Nusu ya kuinua inapungua.

Mleta uzi

Sahihi, na kwa aliye na watu wawili tu ni njia salama zaidi. Hakikisheni imewekewa pia magogo chini, isitegemee cheni peke yake mtu akiwa ameingiza mikono. Ugumu wake ni kukagua flaiwili na kutoa kile kibushi kwenye nafasi finyu. Inafanyika, kwa taa nzuri na subira.

Mchangiaji (Wete)

Nimefuata kila kitu, alhamdulillahi gari imewaka. Lakini gia haziingii injini ikiwa inanguruma. Ikizimwa zinaingia zote. Sasa nifungue tena?

Mleta uzi

Usifungue. Anza na upepo kwenye mfumo. Ifungue sleva kutoka mahali pake, sukuma pistoni ndani hadi mwisho na uibane hapo kwa kamba au klampu, kisha toa upepo: mmoja akanyage pedali taratibu, mwingine afungue nipeli, aifunge kabla pedali haijarudi. Ikibaki pistoni nje, upepo hujificha nyuma yake na hautoki hata mkikanyaga hadi usiku. Tumia mafuta mapya ya chupa iliyofungwa, si yale yaliyokaa wazi stoo.

Bado ikikataa, mtu akanyage pedali na wewe uangalie fimbo ya sleva inatembea kiasi gani. Ikitembea vizuri na gia bado hazikubali, hapo ndipo wasiwasi wa pleti kuwekwa kinyume unapoingia.

Mchangiaji (Wete)

Ilikuwa upepo. Zimeingia zote pamoja na rivasi, kimya kabisa. Spea zangu nilizitoa Kariakoo, na mpira wa sleva niliopewa kwanza katika duka moja ulikuwa unachanika kwa ukucha, nikaurudisha. Je, naweza kupakia karafuu kesho?

Mleta uzi

Alhamdulillah. Kesho usipakie. Pleti mpya na flaiwili hazijazoeana, zinagusana kwa madoa madoa. Kilomita mia chache za mwanzo endesha mwenyewe bila mzigo, badilisha gia mara kwa mara, usiishikilie klachi nusu kwenye kilima. Pedali ikisogea mahali inaposhika ndani ya siku hizo, ni kawaida.

Baada ya safari ya kwanza angalia tena usawa wa mafuta ya giaboksi na transfa, na kaza upya nati zote za propela, nane kwa kila propela. Kile kizibo cha chini ya flaiwili kiwe nje, kopo chini yake usiku mmoja. Likiamka kavu, anza na nusu ya mzigo.